Gitaa la Wanjala

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Mashimoni tuko salama, na mama yako sasa anauza mboga. Umeniuliza kama uache kuimba, kwa vile pasta wenu huko Mombasa anasema midundo yako ni ya shetani.

Kakangu Wanjala alikuwa anapiga gitaa kwa baa huko mtaa wa Kongo, Kawangware. Alipookoka, pasta wetu akamwambia alichome mbele ya kanisa. Mimi ndiye nilimwaga mafuta ya taa, nikiimba.

"Dada, sasa nitamsifu Mungu na nini?" aliniuliza.

Niliendelea kuimba. Yeye hakuimba tena mpaka tukamzika.

Siku hizi kanisa hilohilo linacheza midundo ya baa, na pasta anapiga makofi. Jumapili nilitoka nje nikalia.

Wewe imba, mjukuu wangu. Mimi sauti imekataa kutoka.

Kukhu wako,
Nafula