Mifuko Minane ya Chumvi

3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti la mama limepoa na wewe unalala vizuri. Mimi nipo, nakula, nalala.

Tajiri wangu anataka bwawa lake la nyumbani, la lita elfu hamsini na kitu, liache klorini ya unga, lifungwe mashine ya chumvi. Macho ya mkewe huwa mekundu kila akiogelea, na kuna mtu kamwambia chumvi ndiyo dawa. Miaka tisa nimetunza mabwawa, mashine hiyo sijawahi kuifunga. Wewe umefundisha kemia maisha yako yote. Nieleze polepole, kama ulivyokuwa ukitueleza mezani.

Sisi wafanyakazi tunamwita Radi, kwa kuwa hupiga hata pasipo wingu. Jumatatu alimchapa mtunza bustani kwa mpira wa kumwagilia, mbele yetu sote, sababu ya majani matatu yaliyokuwa yanaelea. Mzee yule ana wajukuu. Alivua kofia, akapigwa, akaivaa tena, akaendelea kufyeka. Ningeondoka, lakini kitambulisho changu na cheti cha ufundi kavifungia kabatini kwake tangu aniajiri. Bila hivyo nani atanichukua?

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Sisi wazima. Goti la mama yako limepoa, ulimi haujapoa. Anasema hujamwandikia yeye.

Sasa sikiliza. Chumvi haiondoi klorini, chumvi ndiyo inayoizaa. Ndani ya mashine kuna vibati vinavyopitisha umeme. Maji ya chumvi yakipita hapo, klorini inatoka, inaua vijidudu, kisha inarudi kuwa chumvi. Ndiyo maana chumvi haiishi upesi. Macho mekundu mara nyingi huletwa na klorini iliyochakaa kwa jasho na uchafu. Mashine ikiizalisha kidogo kidogo, bila kukoma, adha hiyo hupungua.

Kwa lita elfu hamsini na kitu, mifuko minane ya kilo ishirini na tano yatosha. Usichukue chumvi ya mezani yenye madini joto. Imwage pampu ikizunguka na mashine ikiwa imezimwa, na usiiwashe mpaka chumvi yote iyeyuke, maana ukiharakisha utaiua siku ya kwanza. Tindikali na klorini ya zamani viweke mbali kabisa, hata ndoo zake zisikutane.

La mwisho ndilo kubwa: mweleze tajiri wako mapema kwamba maji hayo bado yatakuwa na klorini. Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kushika fimbo darasani. Mtu akieleweshwa hutulia.

Mjomba wako

6 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Kwangu si kwema, lakini mama usimwambie.

Mashine nilifunga kama ulivyonieleza. Maji yakang'aa, mama mwenye nyumba akaogelea akatoka na macho meupe. Na Radi nilimweleza, Mjomba, neno kwa neno, naye alikuwa na simu sikioni, akaitikia kwa kichwa. Nikadhani ameelewa.

Jumamosi shemeji yake akaja na kichupa cha kupimia. Akachota maji, akatia matone, yakawa ya manjano. Akacheka. "Shemeji, umeuziwa maneno. Klorini hii hapa."

Radi akaniita. Nikaanza kueleza, vibati, umeme, kila kitu. Yule shemeji akasema, "Kumbe fundi ndiye mwalimu wako siku hizi." Hapo ndipo ilipoanza. Alichomoa ule mti mrefu wa wavu wa majani akanipiga nao, na nilipokinga uso, vidole viwili vya mkono wa kulia vikavunjika. Akanishika shingo, akanizamisha kichwa. "Onja! Hiyo ni chumvi au klorini?" Akaniinua, akaniuliza tena, akanizamisha tena. Mara nne. Mtunza bustani alipiga magoti kuniombea, akapigwa teke la kifua.

Nimeomba karatasi zangu. Kasema atanipa nikishamlipia mashine.

Mjomba, Radi huogelea peke yake kila asubuhi saa kumi na mbili. Nyaya zote za chumba cha pampu nazijua. Wewe unaelewa umeme na maji ya chumvi kuliko mimi. Waya upi ukilegea itaonekana ni ajali?

Mpwa wako

10 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu tutapeana tukionana. Swali lako sitalijibu. Tangu uanze kusema, hili ndilo la kwanza nisilolijibu.

Usiingie chumba cha pampu. Nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi. Nitazungumza naye mimi mwenyewe, turudi nyumbani na karatasi zako.

Mjomba wako

19 Aprili

Mjomba, shikamoo. Pole na mbavu, pole na meno.

Huku mahabusu nipo salama. Radi yu hai, yuko hospitali, anasema nilitaka kumuua. Naandika ili maneno yetu yasipishane. Mimi nimeandikisha hivi.

Kwamba ulimweleza kwa heshima juu ya mashine na karatasi zangu, akakusikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Umemaliza, mwalimu?" Kisha akakupiga ngumi ya mdomo, na ulipoanguka akakukanyaga mbavu. Kwamba nilimrukia tukaanguka bwawani wote wawili, nikamkandamiza chini kwa goti na mkono mzima. Kwamba wewe ulikuwa unapiga kelele "mwache, mwache" tangu mwanzo, mimi kwa hasira sikusikia. Nawe useme hivyo hivyo. Mtu mzima kama wewe asiingizwe katika haya. Kosa ni langu, nitalibeba.

Mtunza bustani ameniletea sabuni na shati. Anasema hakuona kitu, alikuwa anafyeka.

Mpwa wako

23 Aprili

Mpwa wangu, marahaba.

Mama yako sasa anajua yote, na hajalia; anapika tu, chakula cha watu kumi. Mbavu zinaunga. Mezani nakunywa uji.

Nimesoma ulichoandikisha. Ni uongo, na unakuumiza wewe. Nakueleza kwa mara ya mwisho, kisha nikawaeleze wao.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimekaa juu ya vigae, damu kinywani, nawatazama. Maji yalikuwa safi, niliona kila kitu. Niliona mikono yake ikipapasa ukuta. Niliona viputo vikitoka vingi, kisha vichache. Mimi najua maana ya viputo kupungua. Ningeweza kukaa hapo nikafundisha somo zima. Sauti nilikuwa nayo, maana wakati wote huo nilikuwa nahesabu kwa kunong'ona. Nilifika arobaini na moja. Nilitaka afe, mwanangu, na nilitaka afe kwa mkono wako, si wangu.

Ndipo nikasema "mwache". Nilisema mara moja, wala si kwa nguvu. Ukamwacha papo hapo. Ukamburuta nje kwa ule mkono mmoja, ukamlaza ubavu, ukampiga mgongoni mpaka akatapika na kuvuta pumzi. Mtu asiyesikia hafanyi hivyo.

Kesho asubuhi nakwenda kituoni kuandikisha haya, pamoja na hesabu yangu, na barua yako ya tarehe sita nakwenda nayo, na swali lake, wasije wakasema tulificha. Mtunza bustani atafuatana nami. Amesema kweli aliona, toka siku ya mpira mpaka hiyo, na kifua chake daktari amekiandika.

Huenda na mimi wakaniweka ndani. Sawa.

Nawe wakikuuliza kwa nini hukumwachia mapema, usiseme hukusikia. Sema ulikuwa bado hujaambiwa.

Mjomba wako