Michezo Ambayo Sijui Iliishaje

Atupele sasa hivi kanichekesha, halafu kaniumiza. Babu yake kakohoa kule njiani, mtoto kavuta khanga yangu kitandani, kajifunika mpaka usoni, kaenda kuchuchumaa nyuma ya mtungi wa maji. Hata kusema vizuri bado. Mzee kamwita mara mbili, kaacha ndizi mbivu kizingitini, kaondoka.

Yeye hana sababu ya kumkimbia babu yake. Mwenye mwiko ni mimi.

Leo Ijumaa. Mvua haijakata tangu alfajiri, na mimi moyo wangu uko hivyohivyo.

Mnaonisoma mnajua naandika juu ya michezo na vichekesho vinavyopita huku kwetu, Kyela mjini mpaka Matema. Mnanitania kwenye maoni: "Mama Atu, mbona husemi iliishaje?" Leo nasema. Sijui. Hakuna hata mmoja niliouona mpaka mwisho.

Kwetu Wanyakyusa, mke hakai mahali pamoja na baba mkwe, hamtazami wala hasemi mbele yake. Akitokea, unajifunika, unapisha. Na huyu mzee, mkwe wangu, anapenda michezo kuliko mimi.

Vile vichekesho vya kundi la kutoka Mbeya, pale ukumbini Kyela. Jamaa wa Bujonde kauza kakao, kanunua suti, kakosa nauli ya kurudi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ila yule mwanaume aliyevaa gauni akajifanya mama mkwe aliharibu, alikuwa anacheka kabla yetu. Jamaa ndiyo kwanza anaanza kutembea na suti yake kwenye matope, nikasikia kikohozi cha mzee mlangoni. Nikatokea mlango wa nyuma.

Mchezo wa vyandarua, siku ya soko Lyulilo, katikati ya vyungu vya akina mama wa Ikombe. Baba anachukua chandarua cha mtoto, anaenda kuvulia usipa, dagaa wa ziwani kwetu. Wamehubiri sana, wameigiza kidogo. Lakini binti aliyekuwa mtoto mgonjwa alitetemeka vile, nikatamani nimbebe. Alipona? Mzee alikuja kununua samaki.

Ni mpole, jamani. Anakohoa mapema ili nipate nafasi ya kuondoka. Angekuwa mkali ningemkasirikia.

Mchezo wa tatu ulikuwa wangu.

Mwalimu Neema, amehamishiwa huku kutoka Tanga, alinipa nafasi ya mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake. Unaonyeshwa Jumapili hii kwenye uwanja wa kanisa. Nimeishia darasa la saba, sijawahi kupewa kitu cha kusema mbele ya watu. Maneno nimeyafanyia mazoezi nikipepeta mchele, Atupele akiwa shemeji. Mwisho tu ndio tulikuwa hatujaupanga.

Jana ikajulikana mzee amewekewa kiti mbele kabisa, yeye ndiye mzee wa kanisa.

"Mama Atu, huyo ni baba mkwe, si simba," mwalimu akaniambia.

"Simba ningemtazama, mwalimu."

"Basi igiza umejifunika. Mjane si analia?"

"Na sauti nayo niifunike?"

Akacheka, halafu akaona sicheki.

Baba Atu hakunikataza. Alisema tu, "Mzee akiinuka aondoke mbele ya watu kwa ajili yako, mimi uso nitauweka wapi?" Nikajitoa jana hiyohiyo. Mjane atakuwa dada mmoja wa kwaya, ana sauti nzuri, uso wake hausemi chochote.

Nilidhani nikimaliza kuandika hapa nitajisikia nafuu. Wapi. Namtazama Atupele bado yuko nyuma ya mtungi, khanga usoni, ananisubiri nimwambie babu ameshapita. Nimemwambia. Hatoki. Huo ndio mchezo pekee mwaka huu niliouona tangu mwanzo bila kuukimbia, na aliyeufundisha ni mimi.

Mwalimu kanitumia ujumbe wa sauti, anasema jana jioni wameupanga mwisho, nisikie walau mimi niliyeubeba huo mchezo. Ndaga, mwalimu, asante. Nasikiliza huku naandika, ili safari hii mpate mwisho. Anasema mjane anainuka, anafunua uso, anawatazama shemeji zake mmoja mmoja, halafu, subirini, mama mkwe ananiita huko nje, anasema niingie chumbani na mtoto, mzee anarudi kujikinga mvua na