Mwizi Aliyeacha Kinachong'aa

Papa,

Nakuandikia kutoka jikoni, kwenye kiti chako cha upande wa dirisha. Maman amekwenda kwaya. Kopo lako la biskuti liko mbele yangu, limefunguliwa, na zile pesa zako za Wahispania zimo, kumi na moja, kumi za fedha na moja ndogo ya dhahabu, kila moja ndani ya bahasha yake ndogo yenye mwandiko wako. Ziliondoka, zimerudi. Nataka ujue zilivyoondoka na nilichofanya mpaka zikarudi, kwa sababu hapa nyumbani kila mtu ananiambia nisahau. Mimi sitaki kusahau.

Siku uliyotuacha, hospitali walitupa nguo zako katika mfuko wa plastiki. Mimi ndiye niliyepekua suruali. Nilikuta leso, kadi yako ya tramu, na ile pesa yetu.

Nilikuwa na miaka tisa ulipoileta nyumbani. Ulikuwa umeipata Jumapili pale sokoni kwenye stesheni ya Gare du Midi, kwenye meza ya Tonton Zéphyrin, rafiki yako wa Lubumbashi, yeye aliyekufundisha mambo haya yote ya pesa za kale. Ilikuwa pesa yako ya kwanza kutoka Potosí, kule Amerika ya Wahispania: kipande kizito cha fedha kilichokatwa kwa mkasi na kugongwa kwa nyundo, kimepindapinda, cheusi kama ndani ya birika la chai. Ukaniwekea kiganjani. Ukanieleza kwamba mfalme wa Hispania aliwashusha watu ndani ya mlima kuchimba, na wengi hawakutoka. Ulisema, "Balichimba sawa vile siye kule Kamituga. Muntu alikufa juu ya hii." Wewe ulikuwa mnunuzi wa dhahabu kule machimboni kwetu kabla ya vita, ulipima kwa njiti za kiberiti na sarafu kuukuu kwenye mzani mdogo, kwa hiyo ulijua unachosema. Halafu ukacheka, ukasema mfalme huyohuyo aliwatawala na hawa Wabelgiji wetu, wasijione.

Mimi niliona kitu kichafu tu. Asubuhi ya sikukuu ya akina baba niliisugua kwa dawa ya meno na mswaki wa zamani mpaka ikang'aa kama kijiko kipya, nikakuletea kwenye sahani. Tonton Zéphyrin alikuwa hapa anakunywa chai. Aliichukua kwa kingo, akaigeuza mara moja, akasema, "Mutoto ameiuwa." Ndivyo nilivyojifunza kwamba ule weusi ndio ngozi yake, na kwamba mtu anayejua pesa hizi akiona inayong'aa anageuza uso. Wewe hukunipiga. Nilipoanza kulia uliitia mfukoni. "Bon," ulisema. "Hii haitauzishwa tena. Hii ni ya siye wawili."

Ilikaa katika suruali zako miaka ishirini na mbili. Kanisani, kwenye tramu, kwenye foleni ya ofisi za komini, niliona kidole gumba chako kikiizungusha ndani ya kitambaa. Nilipoikuta ndani ya mfuko ule wa hospitali sikujua niipeleke wapi, nikaiweka juu ya zile nyingine ndani ya kopo, bila bahasha, nikalifunga, nikalirudisha ndani ya kabati lako, chini.

Halafu yakaja matanga. Ungependa kuyaona. Viti vya kuazima kanisani vilifika hadi kwenye ngazi, akina maman waliteka jiko, sombe ya majani ya muhogo ilinukia mpaka kwa yule Mturuki wa duka la chini. Na kwa sababu ilikuwa baridi, makoti yote yaliwekwa juu ya kitanda chako. Watu sitini waliingia chumbani kwako kuweka makoti na wakarudi kuyachukua. Tonton Zéphyrin ndiye aliyesema maneno juu ya maisha yako. Aliongea vizuri. Alilia, na mimi nilimshika mkono.

Siku tatu baadaye nilifungua kabati. Kopo halikuwepo. Juu ya karatasi ya gazeti, mahali lilipokaa, ilikuwa ile yetu peke yake, inang'aa.

Maman alisema tumwachie Mungu. Baba mdogo alisema ni vijana wa kwaya, hawa wa siku hizi hawana haya. Nusu ya ukoo ilianza kuwaangalia wale vijana vibaya, na mmoja wao, aliyebeba jeneza lako, hakuja tena nyumbani. Mimi nilikwenda kazini, nikawaogesha wazee ninaowatunza kule Schaerbeek, nikarudi, na muda wote nilikuwa nayo mfukoni. Wiki nzima. Ndipo siku moja ndani ya basi nikaiweka kiganjani na akili ikanijia. Mwizi gani anaacha ile inayong'aa? Kijana wa kwaya angechukua hiyo kwanza. Angeona kumi nyeusi zilizopinda kama vipande vya bati, labda angebeba ile ndogo ya dhahabu iliyo sawa na ukucha, na hii nyeupe, basi. Aliyeiacha alijua kwamba imekufa. Katika watu sitini, mmoja tu alijua.

Papa, nilikaa ndani ya basi mpaka kituo cha mwisho.

Nilimwambia Maman. Alifunga macho, kisha akasema labda Tonton ameiacha kwa kuwa anajua ni yangu. Nilimjibu kwamba basi ni mwizi mwenye adabu, na hilo linaniudhi zaidi. Akaniomba nimpigie simu, niongee naye polepole, kama mutoto na baba yake. Ningeweza. Namba yake ninayo tangu nikiwa shule. Sikupiga. Nilitaka alipie mbele ya watu walewale waliomsikia akikulilia, na nilingoja miezi minne, na kila Jumapili kanisani nilimpa mkono nikamuuliza habari ya magoti yake.

Siku ya kuondoa matanga tulikodi ukumbi hapa Saint-Josse. Unajua desturi, vitu vya marehemu vinagawiwa. Nilimwomba Maman nigawe mimi, kwa kuwa ni mtoto wako wa kwanza, akakubali bila kujua nilichopanga. Koti lako la sufu nilimpa baba mdogo. Mzani wako nilimpa yule kijana wa kwaya, nilikwenda kwao mwenyewe kumleta. Halafu nikamwita Tonton Zéphyrin. Alikuja na suti yake ya kijivu, akapokea kwa mikono miwili. Nikamwekea ile yetu kiganjani.

"Tonton," nilisema, "ile siku ya matanga ulisahau hii."

Akaishika kwa kingo. Hakufikiri, mkono wake ulifanya wenyewe. Akaigeuza mara moja, kama ile asubuhi ya chai. Ndipo nikaugeukia ukumbi na kueleza yote: kopo, makoti, mwizi aliyeacha kinachong'aa, na ni nani peke yake angefanya hivyo. Sikupaza sauti. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale kwa miezi minne, yalitoka yamenyooka. Nilimngoja akatae. Hakukataa. Alisema, "Aksanti, mutoto yangu," akaitia mfukoni, akachukua kofia yake, akapita katikati ya meza zote zile na hakuna aliyevuta kiti kumpisha.

Nakwambia ukweli, nilifurahi. Nilikula sahani mbili.

Siku ya pili yake mke wake alileta kopo. Zote kumi na moja, hakuna iliyoguswa. Maman alimkaribisha, wakalia pamoja, na baadaye akanipa maneno ya Tonton. Eti alisikia nikisema pale hospitalini kwamba hivi vyuma vya Papa nitavipeleka Chaussée d'Ixelles, kwa wale wanaonunua dhahabu na fedha kwa uzito, waviyeyushe. Eti aliogopa. Eti alitaka kuzihifadhi tu mpaka hasira yangu ipoe. Ni kweli nilisema, Papa, ulinisikia, nawe ulicheka. Nilikuwa nimekesha siku mbili na nilikuwa na wivu na kopo lako. Lakini mtu anayetaka kuhifadhi anaomba. Haingii chumbani kwa marehemu akijifanya anatafuta koti lake. Na haachi vijana wasingiziwe huku amenyamaza. Maman anasema amesamehe. Mchungaji amenipigia mara mbili. Sisamehe, na usinitumie ndoto za kunibembeleza.

Ila kuna jambo moja, na ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Juzi Jumapili nilikwenda Gare du Midi. Nilisimama nyuma ya muuza viatu, nikamtazama. Wanunuzi wamepungua, wa kwetu hawasimami tena pale. Nilikagua meza yake kipande kwa kipande, ile yetu haikuwepo. Nikadhani ameitupa. Halafu Mbelgiji mmoja akaja kumwuliza kitu, na Tonton akawa anajibu huku mkono wa kulia uko mfukoni, na kidole gumba kinazunguka, kinazunguka, ndani ya kitambaa.

Nilishika meza ya viatu. Kumi na moja nimezirudisha, na ile moja ya siye wawili niliitoa kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya ukoo mzima, nikidhani ninampiga nayo. Siwezi kuidai. Nilimpa. Watu wote ni mashahidi, niliwaita mimi.

Kwa hiyo sikiliza ninachokuahidi. Nimekwenda kuuliza nafasi pale sokoni. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa na meza yangu, ubavuni pa yake, kitambaa cheusi na kopo lako juu. Sitauza hata moja. Nitazionyesha, na kila atakayeniuliza nitamweleza za Potosí, na za Kamituga, na za mwizi aliyeacha kinachong'aa, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, naye atasikia yote. Sitamwomba. Sitamsalimia. Nitakaa hapo mvua inyeshe, mpaka siku atakapoutoa mkono mfukoni mwenyewe na kuiweka juu ya kitambaa changu.

Pumzika, Papa. Mfuko wako haujawa mtupu, umo tu katika suruali ya mtu mwingine, na ninajua anaposimama kila Jumapili.

Mtoto wako,
Nsimire