Lori Lililoipinda Barabara

Hapa kwenye kona,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa dada yangu mdogo, Mama Pacha,

Mimi kaka yako nimeingia mwaka wa themanini na nne. Nimebaki nyuma ya baba, mama, wake wawili, meno yote, na yule daktari aliyesema sitamaliza mwaka. Kuni bado napasua mwenyewe. Wewe goti linakukubalia? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Niambie kweli, usinifiche.

Mwandiko usiucheke. Nakaa, nasimama, nachungulia barabarani, narudi kwenye karatasi. Tangu juzi situlii.

Wanataka kuinyoosha barabara kuu. Ukutani kwangu wamepaka alama nyekundu ndefu kama mimi, na tingatinga linakuja mwisho wa mwezi.

Nikamwendea mpimaji, mwenye viatu vya kung'aa, nikamwambia kona hii ndiyo mji wenyewe. Akacheka. "Mzee, hapa alipima mlevi."

"Mlevi babu yako!" nikamjibu.

Nikamweleza. Hapa palikuwa nyasi na nzi. Lori la baba likakatika ekseli katikati ya njia, na chumvi yake, na sisi sote ndani. Baba akaenda kutafuta ekseli, akarudi mikono mitupu. Mama akawasha moto, akawauzia chai wapita njia. Fundi cherehani akaweka mashine yake kwenye kivuli cha lori. Muuza duka alikuja kununua chumvi, hakuondoka tena. Baba akakataa katakata lori kuvutwa, basi magari yakawa yanalizunguka, na nyumba zikafuata njia ya magari. Ndiyo kona hiyo! Lori lenyewe tukalimaliza kidogo kidogo: mabati yakaezeka soko, mbao zikawa madawati ya shule, injini ikazungusha mashine ya kwanza ya kusaga. Nani aliiwasha? Mimi. Mji mzima umekula unga kwa mkono huu.

Diwani alikuwepo. Akasema, "Mzee, niletee mtu mmoja tu aliyeliona hilo lori, kona haiguswi." Watu wakaangua kicheko, eti mzee na maneno yake.

Sasa nimlete nani? Fundi cherehani tulishamzika. Muuza duka kafa kiangazi hiki, na mpaka pumzi ya mwisho alidai mji ulianzia dukani kwake, mbishi yule. Umebaki wewe, uliyelala kwenye kiti cha dereva ukapiga honi mpaka betri ikafa.

Usitume barua, watasema nimeiandika mimi. Panda basi uje. Kaa dirishani, usije ukawatapikia watu kama zamani.

Najua utasema siku ile ekseli ilipokatika usukani aliushika nani, eti mimi. Kwa neno hilo tumenuniana miaka. Ni uongo mtupu. Lakini njoo useme, mbele ya diwani, mpimaji na tingatinga lao. Sitakukatiza.

Msalimie shemeji, na pacha wako wote wawili, hasa yule mkorofi. Mungu akupe mgongo wa kuhimili safari.

Wako akupendaye hata ukinuna,
kaka yako wa kwenye kona.

Wa kuthibitisha haya yote: wewe tu.