Usiuze Sanduku, Baba

Amalemba, Kakamega

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Kaa chini kwanza. Vaa miwani, na umwambie Mama aache kuchungulia begani mwako, yake nitamwandikia nikimaliza yako. Mimi mwanao Wakesho ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa mvua kimepoa, nakula vizuri, na nimenenepa kidogo, usicheke. Wewe je? Goti linakunjika sasa? Dawa ya presha unameza kila siku au unameza siku ambayo Mama anakutazama tu? Na usingizi unaupata?

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Kila nikipiga anapokea Mama, nawe nakusikia uko hapo hapo unamuuliza, "Anasemaje?" Naye anakujibu kwa sauti mpaka majirani wote wanajua habari zangu. Ukipewa simu wewe unasema, "Haya, haya, asante," hata kama nimekuuliza umekula nini. Zaidi ya mara moja nimekata simu nikalia, Baba. Sasa nimeona afadhali karatasi, maana macho yako bado ni yale yale ya kuona nati iliyoanguka mchangani.

Jumapili Mama aliniambia jambo lililoninyima raha. Anasema umefunga garaji, na sanduku lako la vifaa umeshamwahidi jirani yetu Mwakio, atakuja kulichukua mwisho wa mwezi. Anasema alipokuuliza sababu ulimjibu kwamba fundi asiyesikia injini kazi yake ni kukaa nyumbani kuchambua mchele. Ah, Baba! Basi nakusihi, usimpe Mwakio sanduku kabla hujaimaliza barua hii. Ukishaimaliza, kama bado unataka kuuza, uza, sitasema neno.

Huku msimu wa miwa umepamba moto. Bei imekaa vizuri, viwanda vinagombania miwa, na watu wa Kabras, kule upande wa Malava, wananunua magari kama watu wanaonunua sare za shule Januari. Mengi ni yale yaliyokwishatumika Japani, yenye kompyuta ndani. Yakianza kusumbua yanaletwa kwetu. Garaji ya mzee Makokha, bosi wangu, iko kando ya barabara wanakopita matrekta na matela ya miwa, na yakianza asubuhi hayakomi. Gari likiwashwa uani kwetu hujui kama limewaka mpaka uone moshi. Tunaongea kwa mikono. Mzee Makokha akitaka spana namba kumi ananyoosha vidole vyote, akitaka chai anafanya hivi na kikombe ambacho hakipo. Sisi sote huku ni viziwi mpaka msimu uishe, Baba, na magari yanatengenezwa.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Kabras anaitwa Mama Naliaka. Ni mjane, ana shamba la miwa na ng'ombe wa maziwa, na ana mdomo, ungempenda. Kigari chake cheupe cha steshenwagoni kiliingia getini kinashtukashtuka, moshi mweusi nyuma. Akashuka akaubamiza mlango.

"Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi, Mama."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Wewe mukhana?" Mukhana ni binti, kwa Kiluhya. "Haya basi. Hii gari inanitesanga. Asubuhi inatetemekanga, petroli inakunywanga kuliko ng'ombe wangu na maji, na ile taa ya injini haizimangi. Huko nimetoka wamenibadirishia sensa, wakabadirisha tena. Sensa, sensa! Hiyo sensa ni nini na inakulanga nini?"

Nikamweleza kwamba sensa ya oksijeni ni kitu kidogo kilichofungwa kwenye bomba la moshi, kazi yake ni kuonja moshi na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Kikionja hewa nyingi, kompyuta inaongeza petroli. Kikionja petroli nyingi, inapunguza. Kikipeleka uongo, injini inalishwa mpaka inavimbiwa.

"Kumbe ni mtu wa kuonja mboga," akasema. "Basi huyo wangu ni mwongo. Mfukuze."

Nikachomeka mashine ya kupima. Ikaleta yale yale: sensa ya oksijeni, na injini inamisi, yaani inaruka mapigo. Hapo, Baba, wengi hukimbilia duka la spea, na mimi mguu mmoja ulikuwa umeshaelekea huko. Nikainama nisikilize injini. Trekta likapita. Nikangoja lipite, likaja lingine. Nikasema nitafanya nini mimi? Mkono ukaenda wenyewe kwenye injini, ukatulia pale.

Unakumbuka Voi, malori ya Mombasa yalipokuwa yanapita mfululizo mbele ya garaji? Ulikuwa unakichukua kiganja changu unakilaza juu ya injini, wewe unachomoa waya za plagi moja moja. Ulikuwa unaniuliza, "Umehisi? Na hii?" Nikisema sikuhisi kitu, ulikuwa unacheka, unaniambia hiyo ndiyo plagi iliyokufa, maana kuchomoa kitu kilichokufa hakubadilishi lolote. Masikio yako yalikuwa mazima wakati ule, Baba, na bado hukuyatumia.

Nikafanya hivyo hivyo. Nikazima koili za plagi moja baada ya nyingine, kiganja kimetulia. Kila moja niliyozima, injini ililalamika sawasawa, kwa hiyo hakukuwa na silinda moja ya kulaumiwa. Nikaenda nyuma, nikauweka mkono kwenye moshi. Pumzi zilikuwa zinakatika ovyo ovyo, bila mpangilio. Nikafungua plagi: zote nyeusi, masizi makavu. Zote zimelishwa kupita kiasi. Basi mwonja mboga anadanganya kweli, lakini ni mpya, kwa nini adanganye? Nikajiambia labda yeye anasema kweli, ila habari zake hazifiki.

Nikaacha mkono wa kushoto kwenye injini, wa kulia nikashika waya ya sensa nikaitikisa kidogo. Nilipoishika karibu na sensa, injini haikubadilika. Nikashuka nayo chini, inakoingia kwenye sakafu ya gari. Kutikisa tu, injini ikaruka chini ya kiganja changu cha kushoto. Weee! Nilipiga kelele ambayo hakuna aliyeisikia.

Waya ile inapita chini ya zulia, pale abiria wa mbele anapoweka miguu. Nikavuta zulia, likagoma. Nikavuta kwa nguvu, likabanduka na uji mweusi wa kunata, sisimizi wamejaa, na soketi ya waya imetafunwa na panya mpaka shaba inaonekana.

"Mama Naliaka, hapa mbele unabebanga nini?"

"Hapo? Si ni molasi ya ng'ombe." Molasi ni ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishapikwa, huku wanawachanganyia ng'ombe kwenye majani. "Nikiweka huko nyuma mtungi unaangukanga, barabara yetu ni mashimo matupu. Kwa hivyo naukarishanga hapa kwa kiti, naufunganga mkanda."

Mzee Makokha alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Mtungi wa molasi umefungwa mkanda, unapelekwa nyumbani na heshima zote, na huko chini unavuja! Na ungeuliza, inakuwaje mafundi wote hao hawakunusa? Baba, huku hewa yote inanuka sukari iliyoungua. Nguo zangu, mto wangu wa kulalia, chai kabla hujaitia sukari. Hakuna anayesikia tena harufu ya kitu kitamu. Panya peke yao ndio waliojua.

Nikaosha kwa maji moto, nikakausha, nikaunga waya mpya, nikasafisha plagi. Tukawasha. Matrekta yanapita, na mimi nimeweka mkono pale, nikahisi injini inatulia pole pole mpaka ikawa laini kabisa. Mama Naliaka naye akaweka wake kando ya wangu.

Kisha akaniuliza nilifundishwa wapi. Nikamwambia ni baba yangu, yuko Voi, ameacha kazi kwa sababu masikio yamekwisha. Akanikunjia uso.

"Kwani alikuwa anatengenezanga na masikio? Mimi nimekuona na macho yangu, umetengeneza na mikono. Mikono yake imepatwa na nini?"

Swali hilo ni lako, Baba. Kama una jibu, mwandikie.

Kesho yake alirudi na jogoo, mkubwa, mwekundu. Nikanyoosha mikono kupokea, akanirudisha nyuma. "Hii ingokho si yako. Ni ya baba yako. Firigisi ya fundi wewe utairaje na yeye yuko?" Huku firigisi haiguswi na mtoto wala mgeni wa kawaida, inawekwa kwenye sahani ya mwanamume mkubwa wa nyumba, na watu huchukuliana vibaya ikikosewa. Nikamwambia Voi ni mbali. Akasema, "Basi atakuja. Huyu jogoo hana haraka." Sasa amefungwa kwa Mama Ayuma, mwenye nyumba ninayopanga, anatuamsha sote kabla ya alfajiri na Mama Ayuma ananitazama vibaya.

Najua unachofikiri. Unafikiri wateja watakucheka ukiwauliza jambo moja mara mbili. Unafikiri utakuwa unatikisa kichwa tu bila kujua wamesema nini, na hilo linakuuma kuliko goti. Mama ameniambia siku hizi wageni wakija unatoka unaenda kukaa kwa kuku. Baba, masikio yako yaliliwa na nyundo ulizokuwa unapiga ili sisi tusome. Mimi siwezi kukurudishia. Ningeweza kukupa moja langu ningekupa leo. Lakini kukaa kimya nikiona unatoa na mikono yako kwa Mwakio, hapana. Hiyo siwezi. Nakupenda mno.

Tena sikuiti kwa huruma, nakujua, ungekasirika. Nakuita kwa sababu nimekwama. Kuna pikapu ya mzee mmoja wa Mukumu. Ikiwa baridi ni nzuri. Ikipata joto na mlima, inamisi, inakosa nguvu, kisha inakaa sawa yenyewe ikishapumzika. Plagi safi, waya ya sensa nimeifuata yote ni nzima, koili nimebadilishana, mashine haisemi chochote. Nimeishika kila mahali, na mikono yangu haielewi. Bado ni mikono ya mwanafunzi. Mzee Makokha amekubali, amesafisha ile kona yenye kivuli na amesema benchi ni lako kwa muda utakaotaka.

Mdogo wangu Mghoi atakusindikiza, nimeshaongea naye, shule zinafungwa. Mpe Mama salamu nyingi na umwambie si kwamba namnyang'anya mume, namkopa. Msalimie shangazi, dada yako mkubwa, na umshukuru kwa zile kunde zilizokaushwa. Mjomba wa Wundanyi mwambie ile sweta naivaa, huku asubuhi kuna baridi. Na Mwakio msalimie pia, si mtu mbaya, mwambie tu kwamba sanduku limepata safari.

Yule mzee wa Mukumu alikuja jana akataka kulipeleka gari lake Kisumu. Nikamwomba aliache. Akaniuliza, "Kwa nini? Wewe si umeshindwa?" Nikamwambia ndiyo, mimi nimeshindwa, lakini fundi mwenyewe yuko njiani kutoka Voi. Akakubali kungoja. Baba, pikapu iko uani, boneti iko wazi, na sijaigusa tena. Njoo uishike.

Mimi mwanao akupendaye,

Wakesho