Sifuri ya Ukurasa wa Kumi na Saba

Jumapili, 3 Novemba

Swali ni lile lile, nimelibeba mwaka mzima: nilionewa, au nilikosea? Nimelijibu mara nyingi, kila mara kwa hakika, na kila mara jibu likawa moja — nilionewa. Hakika hiyo ndiyo inayoanza kunitia shaka.

Niupange mwaka kwanza. Novemba iliyopita, mvua ya kwanza: mfereji mpya wa nyuma ya soko uliyarudisha maji madukani badala ya kuyapeleka mtoni. Vipimo vya mteremko vilikuwa vyangu. Desemba nikavuliwa ukuu wa kitengo cha upimaji, nikapelekwa stoo kupanga ramani ambazo hakuna aliyeziulizia. Februari nikasimamishwa kazi. Aprili mume wangu akahama. Julai nikaanza kufundisha vipindi vitatu kwa wiki katika chuo cha ufundi. Sasa naishi kwa dada, kwenye chumba chake cha vitambaa, kati ya majora na ile sanamu ya kujaribishia nguo, isiyo na kichwa. Tumezoeana.

Rufaa itasikilizwa tarehe 18. Barua yangu inasema vipimo vilikuwa sahihi, na kwamba fundi mkuu wa ujenzi alichimba kinyume chake. Nikishinda, narudi kitini. Yeye atanyang'anywa leseni. Nimeisoma tena leo. Imeandikwa vizuri mno.

Alhamisi, 7 Novemba

Darasani: jinsi ya kupima vimo vya ardhi. Unaanza kwenye alama ambayo kimo chake kinajulikana, unakwenda hatua kwa hatua hadi mwisho, kisha — hapa ndipo wanapoguna — unarudi mpaka kwenye alama ile ile na kuipima upya. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho ndiyo inayokuambia kama kazi yako inaaminika. Milimita mbili, tatu, hata nne: sawa. Kuna jua, kuna upepo, kuna mkono wa binadamu. Lazima kitu kipotee njiani.

Binti wa kiti cha mbele, ambaye huandika hata kikohozi changu, akauliza: je, aliyepata sifuri kamili?

"Huyo hakurudi," nikamjibu. "Amemalizia mezani, kwa kalamu."

Wakacheka. Nami nikacheka. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, navua viatu, kicheko kiliponikauka mdomoni.

Daftari la uwandani, ukurasa wa 17. Mfereji wa soko. Tofauti: sifuri.

Jumanne, 12 Novemba

Nilipohama nilibeba madaftari yangu yote. Dada alidhani boksi lile ni vyombo. Nimeyapitia siku nne. Kazi mia moja na kumi na mbili za aina hii. Sifuri tatu. Moja naikumbuka vyema: kiangazi, uwanja wa shule, hatukuamini, tukapima tena, ikawa sifuri tena. Kwa hiyo sifuri peke yake haithibitishi kitu. Hutokea.

Lakini ukurasa wa 17 una madoa ya mvua kutoka juu hadi chini, isipokuwa mstari wa mwisho. Huo ni mkavu, na mwandiko wake umetulia. Labda mvua ilikatika. Labda kuna aliyenishikia mwavuli. Ila tulikuwa wawili tu kazini, na mwenzangu alikuwa ameshika fimbo ya vipimo kwa mikono yote miwili.

Kwenda kupima upya haiwezekani. Mfereji ulivunjwa Machi, na ile alama ya mwanzo iling'olewa pamoja na ukingo wake.

Dada alinikuta sakafuni, madaftari yamenizunguka. Akasema wanawake wengine wakiachwa hukumbatia mto. Mimi nakumbatia mahesabu. Nilipomweleza, akasema huku akitafuta pini zake: nenda kaseme mlirudi, mdogo wangu, upate kazi yako, nami nipate chumba changu. Anatania. Nusu.

Jumatano, 13 Novemba

Kwa miezi saba nimewaambia watu kwamba mume wangu aliikimbia aibu yangu. Leo, nikisahihisha mitihani, nimekumbuka alichosema akifunga sanduku, bila hasira yoyote: kwamba kuishi nami ni kuchosha, kwa sababu kila kosa la nyumba ile lilikuwa na mwenyewe kabla halijatokea, na mwenyewe si mimi.

Sitaki kulilinganisha hilo na mfereji. Kulinganisha upesi upesi nako ni kumalizia mezani.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekwenda kwa Bwana Wima. Ndivyo tulivyomwita ofisini yule mzee aliyenishikia fimbo miaka kumi na minne, kwa sababu fimbo yake haikupata kulala upande hata siku moja. Amestaafu tangu Juni. Jumatatu atatoa ushahidi upande wangu. Ameshapiga pasi suti.

Tulizungumzia goti lake, kisha wajukuu, kisha goti tena. Mwishowe nikauliza.

"Mzee wangu, siku ile tulirudi kwenye alama?"

Akaitazama mikono yake.

"Bosi, kazi yangu mimi ni kusimama pale unaponiweka. Ukisema tulirudi, nilirudi."

"Nakuuliza unachokumbuka wewe."

"Nakumbuka mvua. Nakumbuka ulisema mkurugenzi anataka vipimo kabla ya saa kumi." Akalinyoosha goti. "Na fundi mkuu alitupatia turubai lake tujifunike. Yeye akabaki analowa."

Turubai! Nilikuwa nimelisahau kabisa. Basi mstari ule mkavu niliuandika chini ya turubai la fundi mkuu. Hilo sasa naliona waziwazi — harufu yake ya mafuta ya taa, penseli yangu, viatu vya Bwana Wima kando yangu. Ambacho sikioni ni kama tulikuwa tumetoka kwenye alama au tulikuwa hatujaenda.

Nimerudi kwa miguu. Nimejaribu kukumbuka tukitembea kurudi nyuma ya soko. Naweza. Tatizo ni kwamba naweza kukumbuka pia tukipanda gari moja kwa moja. Picha zote mbili zina mvua ya kutosha.

Jumatatu, 18 Novemba

Korido ya ofisi kuu, saa nne na nusu. Naandikia magotini.

Fundi mkuu ameketi kwenye benchi la mbele yangu. Amekonda. Shati limenyooshwa vizuri, na upande mmoja wa ukosi umekunjika kwa ndani bila yeye kujua. Amenisalimu kabla sijamsalimu. Kisha:

"Injinia, lile turubai langu mlilipeleka wapi?"

Nimemwambia lilibaki kwenye gari la ofisi. Akasema alijua tu, gari la ofisi halirudishi kitu. Tumecheka wote wawili, kwa sauti ya chini, kama watu walio msibani.

Bwana Wima ametoka ndani sasa hivi, mgongo umenyooka. Ameinama sikioni mwangu: "Nimekusimamia, bosi." Amewaambia tulirudi. Ameketi pembeni, analisugua goti.

Wajumbe wanakunywa chai. Baada ya chai ni zamu yangu.

Niandike basi ninachokijua. Sijui kama tulirudi. Wala sioni jinsi nitakavyojua: alama imeng'olewa, shahidi wangu anakumbuka nitakachomwambia, na mimi nina cheo cha kupata kwa kukumbuka vizuri. Huenda nilionewa kweli. Huenda nilionewa na vilevile nilikosea. Jambo hili, kwa mwaka mzima, halikunijia hata mara moja.

Karani amefungua mlango. Anauliza kama nina kielelezo chochote zaidi ya barua. Nimesema nina daftari. Anauliza ukurasa gani, awafungulie wajumbe kabisa.

Nimemtajia: wa kumi na saba. Fundi mkuu anavuta miguu yake ndani ili nipite —