Jina Nililompa Mlima Kabichi

Morogoro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori akuletee ilifika, au alijichua mwenyewe njiani? Huku mvua za vuli zimeshika, milima ya Uluguru imejifunika mawingu, na mimi mwili wangu ni mzima. Ya moyoni nitakueleza. Na wewe Sesilia, mdogo wangu unayemsomea Mama, soma pole pole na usiruke mahali eti kwa sababu unamwonea huruma. Nakujua.

Uliuliza ninakula nini tangu kiwanda kiuzwe na sisi makarani tupunguzwe. Nimepata kazi ya mkataba huku chuo kikuu. Wasomi wa hapa wanafanya utafiti miaka na miaka, kisha majibu yanafungiwa kabatini kwa Kiingereza. Sasa redio za watu binafsi zimeruhusiwa, na hapa mjini imefunguliwa moja yenye njaa ya vipindi. Dokta mmoja akaamua utafiti wake uwafikie wenye mashamba. Ni mtu mwema, ila akianza kuongea hata mbuzi analala. Yeye anasema, "Matumizi yasiyo sahihi ya viuatilifu." Kazi yangu mimi ni kusema, "Jamani, dawa ya kabichi msiiweke kwenye chupa ya soda, mtoto atainywa." Tunarekodi kwenye kaseti, redio inarusha. Kisha kuna muuza kaseti wa Mkuyuni, soko la njia ya Matombo, anazinakili na kuzipiga kwa spika siku za gulio. Watu wanatusikiliza huku wakichagua nyanya.

Kipindi kilichoniletea haya kilimhusu mwanamke mmoja wa mlimani anayelima kabichi. Tangu biashara iachiwe huria, dawa za shamba anauza kila mtu, zimepimwa kwenye vichupa visivyo na maandishi. Huyu mwanamke alinyunyiza asichokijua, jicho lake moja likapoteza nuru. Alikubali kutueleza yote kwa sharti kwamba asijulikane, maana aliyemuuzia ni shemeji yake. Kanuni za chuo nazo zinataka hivyo hivyo, jina libadilishwe na sauti ifichwe. Basi maneno yake niliyasoma mimi, na jina nikamtungia. Nilitaka jina ambalo sijawahi kulisikia huku. Likanijia Koleta, nikaliandika, nikaenda kunywa chai.

Haikupita wiki tangu kaseti ipigwe Mkuyuni, akaja ofisini kwetu mama mmoja mtu mzima, matope mpaka magotini. Mlinzi alikuwa anamzuia. Aliponisikia ninaongea na Dokta akampita mlinzi na kuingia bila hodi.

"Ni wewe unayesema kwenye kaseti?"

"Ni mimi, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Koleta yuko wapi?"

Alikuwa na binti, Mama, jina lake Koleta. Miaka mingi iliyopita aligombana na mjomba wake, akaondoka na wafanyabiashara wa karanga waliokuwa wanakwenda Gairo. Hakurudi, wala hapakuja habari yake yoyote. Waluguru ukoo wao ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno, na mwaka huu mjomba na wazee wenzake wakasema imetosha. Wangezika mgomba badala ya mwili, walie, matanga yaishe. Pombe ilikuwa imeshapikwa. Ndipo yule mama akateremka Mkuyuni kununua chumvi, akasikia kwenye spika, "Mimi naitwa Koleta, ninalima kabichi." Alirudi nyumbani akaimwaga pombe yote ya matanga.

Nilimweleza. Nikamwambia jina ni la kutunga.

"Na sauti?"

"Sauti ni yangu, mama."

"Mwanangu ninamjua," akasema. "Kuna mahali anacheka kabla hajamaliza neno."

Ni kweli, nilicheka. Sentensi ilikuwa ndefu, pumzi ikaniishia katikati, nikacheka, na Dokta akasema tuiache hivyo hivyo, inapendeza.

Yule mama akawa anakuja kila wiki. Hafoki, halii, anakaa kwenye benchi nje ya chumba cha kurekodia na kusubiri. Ombi lake likawa moja tu, aonyeshwe yule mlima kabichi, hata kwa mbali. Nilikwenda kumuuliza yule mwanamke, akakataa, na sikuweza kumlaumu. "Nikasimame mbele yake nimwambie nini?" alisema. "Kwamba mimi siye?"

Mama, niliogopa na bado ninaogopa. Nikivaa vile vyombo vya masikioni kusikiliza tulichorekodi, nasikia kicheko mahali ambapo sikumbuki kucheka. Nairudisha kaseti nyuma, kicheko hakipo. Dokta anasema ni uchovu, nichukue likizo. Nichukue likizo niende wapi, na yule mama atanikuta wapi?

Mwishowe akaja mjomba mwenyewe, mzee mpole wa maneno machache. Akakaa, akaweka kofia gotini.

"Binti, umemfufua mtu ambaye hatujamzika. Dada yangu hali chakula. Analala mlango wazi."

Dokta akasema tutasahihisha redioni wiki hiyo hiyo.

"Redio ndiyo iliyomwambia yupo," mjomba akajibu. "Leo ikimwambia hayupo ataiamini vipi? Huyu binti aje mwenyewe, aseme mbele ya ukoo."

Nikaenda. Pikapu ilituacha Mkuyuni, tukapanda kwa miguu kwenye ukungu, mjomba mbele na mimi nyuma yake. Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Watani wa ukoo, ambao ndio wanaoshughulika na mazishi huku, walikuwa wameshaukata mgomba, wameufunga sanda, wameulaza barazani. Katekista naye alikuwepo, amegeuzia uso bondeni akijifanya anaangalia hali ya hewa. Nilisema yote, jina nilivyolitunga na maneno nilivyoyasoma kwenye karatasi.

Yule mama akaniuliza, "Majina yote yaliyopo duniani, kwa nini ulichukua la mwanangu?"

Nikamwambia lilinijia tu.

Akaomba watu wanyamaze. Akaingia ndani, akafunga mlango, na kutoka mle gizani akaita, "Koleta!"

Nilimtazama mjomba, akainamisha kichwa. Nilitamani kukimbia, lakini niliona nikinyamaza nitakuwa nimemfanyia ukatili mkubwa zaidi. Nikaitika, "Abee, mama." Akaita tena, sasa kwa sauti ya chini, ya kumwita mtu aliye jikoni. Nikaitika tena. Kisha mlango ukafunguliwa.

"Siye," akasema. "Wangu haitiki hivyo. Mzikeni."

Akaanza kulia, na wanawake wote wakalia, na mimi nililia nao. Mgomba ukazikwa kwenye makaburi ya ukoo.

Ningekuwa na amani kama ingeishia hapo. Lakini huku, matanga yakiisha, jina la marehemu halitupwi, anapewa mtu alirithi. Siku hiyo ilipofika waliniita, na yule mama akasema hatafuti mwingine. "Wewe umeshalibeba," akaniambia. "Endelea nalo. Ila usilisome tena kwenye kaseti." Ningemkatalia vipi, Mama? Nilipiga magoti nikalipokea.

Kaseti ile tumeiondoa redioni. Nakala za Mkuyuni zimeshasambaa vijijini, hakuna awezaye kuzikusanya, na huko juu yule wa kwenye kaseti bado anajitaja jina na kucheka kabla ya kumaliza neno. Nikipita sokoni wanawake wananiita Koleta, nami ninageuka kabla sijafikiri. Juzi Dokta aliniita kwa jina langu, akarudia, mpaka akaja kunigusa bega. Nilikuwa namsikia. Nilidhani anamwita mtu mwingine.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie asiuze ng'ombe kwa walanguzi kabla hajauliza bei mjini Sumbawanga. Nisalimie Shangazi na mkwe wake mpya ambaye sijamwona, na jirani yetu fundi cherehani. Sesilia, wewe nakubusu.

Mama, barua ikiisha naomba utoke nje uniite. Jina langu lote ulilonipa, kwa sauti ile ya kutuitia kutoka shambani. Najua sitasikia. Niite hivyo hivyo.

Mwanao,
Yustina